Asilimia Themanini na Saba

Jumamosi, 3 Machi 1984
Bweni la wasichana, chumba namba 14

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na masikio hayajazidi kuziba. Mimi mwili ni mzima, mengine siwezi kusema hivyo.

Nakuandikia wewe na si mama, na kabla hujasoma mstari mwingine naomba unifichie. Jana wamebandika matokeo ukutani kwenye ofisi ya idara. Themodinamiki, lile somo la joto na mvuke, nimeanguka. Ni mara ya pili, Mjomba. Ile ya kwanza sikuwaambia. Nilipokuja likizo mama aliniuliza masomo yanakwendaje, nikamjibu yanakwenda, naye akawatangazia wenzake wa kufulia kwamba binti yake anakaribia kuwa mhandisi. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimsikia.

Umebaki mtihani mmoja wa marudio, Alhamisi tarehe 5 Aprili, saa tatu asubuhi. Nikianguka huo nafunga virago. Hakuna mwingine baada yake.

Usidhani sisomi. Nasoma mpaka herufi zinatembea kama siafu. Maelezo ya kitabu nayajua kama jina langu. Likija swali lenyewe, maji haya yanaingia, mvuke ule unatoka, mafuta yameungua kiasi gani, nakuwa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu taa zimezimwa. Nashika namba ya kwanza ninayoigusa. Mwalimu wetu alisema maswali haya ni rahisi tu, anayeshindwa akauze vitambaa. Darasa zima lilicheka. Na mimi nilicheka, nisije nikajulikana.

Wewe umekaa na boila ya hospitali miaka ishirini na sita. Jedwali la mvuke hujawahi kulifungua, lakini mvuke wenyewe mnajuana. Nakuambatanishia nakala ya jedwali na maswali mawili. Nifundishe. Sina mlango mwingine wa kubisha.

Mpwa wako,
Chiriku

*

Jumatano, 7 Machi 1984
Chumba cha boila

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa. Siri yako iko salama. Kiziwi ndiye mtunza siri bora, maana hata mtu akimchokonoa hasikii ameulizwa nini.

Mama yako mzima. Tunatenganishwa na ukuta mmoja, yeye na wenzake kumi na wanane upande wa nguo, mimi upande wa moto. Akitaka kuniita anapiga ukuta kwa ufagio, nami nauona ukidondosha vumbi.

Sasa tufanye kazi. Swali lako la kwanza linasema mvuke una ukavu wa sifuri nukta tisa, nawe umeandika pembeni "ukavu ni nini???" Njoo kwa macho usimame hapa nilipo. Nafungua vali kidogo, mvuke unatoka. Pale mdomoni pa bomba, upana wa vidole viwili, huoni kitu. Huo ndio mvuke mkavu. Mbele yake linaanza wingu jeupe. Hayo ni maji yaliyokwisha choka safari. Wakikuambia sifuri nukta tisa, basi katika kilo kumi, tisa huzioni na moja ni jasho. Kilo moja hiyo ndiyo inayokula mabomba yangu.

La pili. Geji yangu ya presha ikisoma bari saba, wewe kwenye jedwali lako soma nane. Hewa ya dunia nayo inatukalia, na geji haiihesabu. Nimeona umesoma saba. Ni kosa la haraka tu, wala si la ujinga. Wewe huna ujinga, una haraka. Ulitembea kabla ya kutambaa na ukaanguka kwenye beseni la nguo, muulize mama yako.

Kabla ya kushika kalamu jiulize: nini kinaingia, nini kinatoka. Joto halipotei bure. Kama hulioni kwenye mvuke, liko mahali fulani. Litafute.

Leta mengine.

Mjomba wako

*

Jumapili, 11 Machi 1984
Bwenini

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimesoma kuhusu vidole vile viwili visivyoonekana na nikakaa kitandani nikicheka peke yangu. Miaka miwili hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Nimefanya maswali sita kwa njia yako. Manne sawa, mawili kosa. Siku zimebaki ishirini na tano, na jana mama ameniandikia kwamba amekwisha nunua kitambaa cha kushona nguo ya sherehe ya kuhitimu kwangu. Ameniuliza kama kola ya duara bado ni mtindo. Barua hiyo nimeificha sandukuni. Mjomba, nikianguka sitaweza kurudi nyumbani. Silitamki hili kwa kukutisha. Najaribu kufikiria nikishuka kwenye basi na sanduku langu, naye amesimama pale, na picha haiji.

Niletee swali. La kwako, lisilo la kitabu. Nataka kujua kama ninaelewa au nakariri.

Chiriku

*

Alhamisi, 15 Machi 1984
Chumba cha boila

Mpwa wangu,

Marahaba. Usiseme tena neno la kutorudi nyumbani. Nyumba haina mtihani wa kuingilia.

Umeomba swali, na kwa bahati kuna mtu ameniletea moja. Ni mwendesha boila mwenzangu wa mahali fulani. Anataka kujua boila yake ina afya au haina, na mimi namba ndefu zinanishinda. Hizi hapa kama alivyozichukua:

Presha bari saba kwenye geji. Maji ya kulisha nyuzi themanini. Mita ya maji, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, imehesabu tani ishirini na nne, na zote zimekuwa mvuke. Mafuta, tangi lilipimwa kwa kijiti saa kumi na mbili asubuhi na tena saa nane mchana. Zimekwenda kilo 1,680. Kilo moja ya mafuta hayo ina kilojouli elfu arobaini za joto. Moshi kwenye dohani una nyuzi 340.

Yeye anataka kujua, katika kila mia ya joto analolipia kwenye mafuta, ngapi zinaingia kwenye mvuke. Nijibu mapema uwezavyo. Huyo mtu anasubiri.

Huku hakuna jipya. Chumvi ya kulainishia maji haijaletwa tangu Oktoba, kila mwezi naandika na kila mwezi naambiwa inakuja. Mama yako anashona kola ya duara.

Mjomba wako

*

Jumamosi, 17 Machi 1984
Bwenini

Mjomba!

Shikamoo. Barua yako imefika saa nne na sasa ni saa tano kasorobo, nimekwisha maliza. Tazama:

Geji saba, jedwali nane. (Nimekumbuka!) Mvuke mkavu wa bari nane una kilojouli 2,769 kwa kilo. Maji ya nyuzi themanini yana 335. Tofauti 2,434. Maji ni kilo elfu mbili kwa saa. Mafuta ni kilo mia na arobaini kwa saa. Kinachoingia, kinachotoka, nagawanya: asilimia themanini na saba.

Themanini na saba, Mjomba! Mwambie rafiki yako boila yake ni nzima kabisa. Kitabuni boila nyingi hazifiki hapo. Ile namba ya moshi sikuihitaji. Watunga maswali hupenda kutupia namba ya kumpoteza mtu, na safari hii sikupotea.

Sijawahi kumaliza swali refu hivi bila kutazama majibu nyuma ya kitabu. Nakimbia sasa hivi posta kabla haijafungwa. Asante, asante.

Chiriku wako

*

Jumatano, 21 Machi 1984
Chumba cha boila

Mpwa wangu,

Marahaba. Jibu lako limefika jana na nimelifikisha kwa mwenyewe.

Alikuwa amesumbuka sana yule mtu. Alidhani boila yake inaumwa. Alikuwa akisema moto wake una sauti isiyo yake, ingawa kusikia hasikii vizuri, huisikia kwa miguu, kwenye sakafu. Alikwisha kosana na mkuu wake kwa jambo hilo. Sasa namba zimesema, na namba hazina uzee wala woga. Leo asubuhi amekwenda kuomba radhi, na ametia sahihi karatasi kwamba boila ni nzima na kwamba hatalalamika tena.

Umefanya vizuri. Endelea hivyo hivyo. Zimebaki wiki mbili.

Mimi nimechoka kidogo, ndiyo maana naandika kifupi.

Mjomba wako

*

TELEGRAMU
Jumamosi, 24 Machi 1984, saa tano na nusu asubuhi
KWA FUNDI WA BOILA HOSPITALI
JIBU LANGU KOSA. BOILA MBOVU SANA. ZIMA. BARUA INAFUATA. CHIRIKU

*

Jumamosi, 24 Machi 1984
Posta, kwenye benchi

Mjomba,

Kama hujapata telegramu, zima boila kisha uendelee kusoma.

Leo asubuhi darasani mwalimu alikuwa anamsahihisha mwenzetu. Alisema boila ya aina ile inayotoa moshi wa nyuzi zaidi ya mia tatu haiwezi kufika hata themanini, kwa sababu joto linaondoka na moshi. Anayepata zaidi ya hapo arudi akasome swali. Nikaitoa barua yako mfukoni pale pale.

Maji ulipima kwa muda wa saa kumi na mbili. Mafuta ulipima kwa muda mfupi zaidi. Kumi na mbili asubuhi mpaka nane mchana ni saa nane, Mjomba, nami nimegawanya yote kwa kumi na mbili kama kipofu. Mafuta si kilo 140 kwa saa. Ni 210. Jibu si themanini na saba. Ni hamsini na nane.

Karibu nusu ya joto haliingii kwenye maji. Kuna kitu kinalizuia, na najua ni nini, kwa sababu uliniandikia mwenyewe: chumvi haijaletwa tangu Oktoba. Ni ukoko. Maji magumu yameweka ukoko juu ya chuma kama ule wa chini ya sufuria. Nimepiga hesabu, mara tatu, taratibu. Ukoko wa milimita tatu tu, na chuma cha upande wa moto kinaweza kupita nyuzi mia nne na sabini. Chuma cha namna hiyo hakina nguvu. Kinaanza kulegea na presha iko nyuma yake.

Yule mwenzako wa mahali fulani ni wewe. Nilipaswa kujua. Ni nani mwingine asikiaye kwa miguu?

Nimepiga simu ya mbali, nikaunganishwa na ofisi ya mhandisi mkuu wenu. Nikamwambia. Akaniuliza mimi nani, nikasema mwanafunzi. Akasema atalishughulikia Jumatatu, akakata. Simu ya pili hakuna aliyepokea. Karani wa posta anasema telegramu za leo mchana huenda zikagawiwa Jumatatu asubuhi, na hakuna basi la huko mpaka kesho kutwa.

Nyuma ya ukuta wako yuko mama.

Nimekuua, Mjomba? Niandikie hata neno moja.

Chiriku

*

Jumanne, 27 Machi 1984
Nyumbani

Mwanangu,

Nakuandikia mwenyewe, sijamtuma mtu, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Mjomba wako ameungua. Yuko wodi ya wanaume. Mikono yote miwili, shingo, na upande wa kulia wa uso. Jicho moja limefungwa, daktari hataki kusema kitu juu yake. Yu hai. Nimeanza na hayo ili usitetemeke ukitafuta.

Jana asubuhi alipata telegramu. Nilimwona akiisoma uani, akaikunja, akaenda moja kwa moja kwa mhandisi mkuu. Karani wa pale ameniambia yaliyosemwa. Mjomba wako aliomba boila izimwe. Mkubwa akamtolea karatasi, akasema, "Jumatano umetia sahihi kwamba ni nzima, leo unaniletea maneno ya mtoto?" Akamwambia wodi ya upasuaji ina wagonjwa wanne wanaosubiri vyombo vya kuchemshwa, na kwamba boila itazimwa Ijumaa.

Basi akarudi akafanya lake. Alipunguza moto, akashusha presha mpaka ikatosha kuchemshia vyombo vya upasuaji tu. Kisha akafunga mvuke wa upande wetu. Mashine zote zikasimama na nguo zimejaa mapovu. Akaja mwenyewe mlangoni akatutoa nje, wote kumi na tisa, mpaka kule kwenye kamba za kuanikia. Hakueleza. Unajua hasikii, tulikuwa tunapayuka naye anatusukuma. Mimi ndiye niliyepayuka zaidi. Nilimwambia amezeeka vibaya na ananiaibisha mbele ya watu. Sijui kama aliyasoma midomoni.

Saa tano tukasikia kishindo, halafu sauti kama ya kitambaa kinachochanwa bila kuisha. Bomba la ndani lilipasuka, mvuke ukatokea mlango wa mbele wa boila, naye alikuwa amesimama pale. Alikuwa peke yake.

Nilimvua koti lake nikaikuta telegramu mfukoni. Ina jina ulilopewa na yeye. Inasema jibu lako kosa.

Jibu gani? Nyinyi wawili mmekuwa mkiandikiana nini? Niambie, maana kutwa nakaa kando ya kitanda chake namtazama na sijui nimlilie au nimkasirikie.

Mama yako

*

Alhamisi, 29 Machi 1984
Bwenini

Mama yangu,

Shikamoo. Nitakuambia yote, na sitapamba.

Themodinamiki nimeanguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya likizo ile uliyonisifu. Nilimwandikia Mjomba anifundishe kwa sababu wewe nilikuogopa, au niliogopa uso wako. Yeye akanitumia namba za boila yake akisema ni za mtu mwingine. Nikazifanya kwa dakika arobaini na tano, nikafurahi, nikakimbia posta. Nilikosea. Nilichanganya saa nane na saa kumi na mbili, jambo ambalo mtoto wa darasa la nne asingelikosea. Nilimwambia boila nzima, na kwa neno langu akatia sahihi ile karatasi. Mkubwa alipomtolea sahihi yake, ilikuwa ni sahihi yangu.

Kwa hiyo usimkasirikie. Kama kuna wa kukasirikiwa ni huyu anayeandika.

Mtihani siufanyi. Nimekwisha kunja nguo. Mtu aliyefanya hivi hana haki ya kupewa boila nyingine, hata ya kuchora karatasini. Kitambaa kile kiuze au umpe mwenye harusi.

Mwambie Mjomba, kama ataweza kusoma midomo kwa jicho moja, kwamba siombi radhi kwa sababu sijui radhi ya kitu kama hiki inaombwaje.

Binti yako

*

Jumamosi, 31 Machi 1984
Wodi ya wanaume

Mpwa wangu,

Anayeandika ni mama yako, maneno ni yangu. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze.

Marahaba, hata kama hukunisalimia.

Fungua nguo ulizokunja. Mimi nilikuficha jambo na wewe ulimficha mama yako, kila mtu akajenga chake gizani. Januari nilimwambia mhandisi mkuu boila ina ukoko. Akasema, "Lete namba, mzee. Boila haiendeshwi kwa miguu." Watu waliokuwepo wakacheka. Nikaona nitapata namba kwako bila wewe kujua, nisikubebeshe mzigo. Ningekuambia, "Chiriku, hii ni yangu, na mama yako yuko nyuma ya ukuta," ungeisoma mara kumi. Namba isiyo na mtu nyuma yake mtu huipita mbio. Kosa hilo ni la mwalimu.

Na jingine. Miguu yangu ilikuwa inaniambia mbovu. Nikaiacha nikafuata karatasi kwa sababu ilikuwa na nukta na desimali. Hilo nalo si lako.

Telegramu yako ilifika saa mbili na robo. Kishindo kilikuwa saa tano. Katika saa hizo mbili na dakika arobaini na tano nilishusha presha kutoka saba mpaka mbili na nikawatoa watu. Mkaguzi wa maboila amesimama hapa kando ya kitanda, ameniandikia kwa chaki kwenye ubao: kwa bari saba ukuta ungeondoka. Usiniambie umeniua. 

Usije. Fanya mtihani.

Mjomba wako

Mwanangu, haya ya chini ni yangu, yeye hajui. Kikao cha uchunguzi ni Alhamisi ijayo tarehe 5, saa tatu asubuhi, hapa hapa hospitali. Mhandisi mkuu amewapa ile karatasi yenye sahihi. Anasema mzee alishusha moto kwa fujo bila amri na hivyo ndivyo alivyopasua bomba. Wakikubali, wataandika kwamba ni kosa lake. Hasikii watakachomuuliza na hawezi kushika kalamu. Namba za kwake hakuna anayeweza kuzieleza. Nimemuuliza karani, anasema kikao hakiahirishwi.

Tarehe ya mtihani wako nimeiona kwenye barua zako chini ya godoro lake. Sikuambii uje, wala sikuambii usije. Nakuambia lililopo.

Mama

*

Ijumaa, 6 Aprili 1984
Hospitali

Mheshimiwa Mwalimu,

Jana saa tatu kiti changu kilikuwa wazi katika chumba cha mtihani wa marudio. Sikuugua wala sikuchelewa basi. Nilikuwa mbele ya kikao cha watu watano nikieleza swali moja la boila.

Nimeambatanisha kurasa mbili. Ya kwanza ni hesabu yangu ya tarehe 17 Machi, yenye kosa. Ya pili ni ya tarehe 24. Mkaguzi aliinua ya kwanza akauliza ni mwandiko wa nani. Nikasema, "Wangu." Mhandisi mkuu wa hospitali akaomba kuniuliza swali, akauliza somo hili nimelianguka mara ngapi. Nikasema, "Mara mbili, na hivi sasa nalianguka mara ya tatu, maana mtihani umeanza." Mama yangu alikuwa ameketi mstari wa nyuma. Hakuinamisha kichwa.

Mkaguzi akageuza karatasi akafanya hesabu yote upya, sisi tukimtazama. Ilimchukua robo saa. Akapata hamsini na nane. Kisha akaomba barua za kuagiza chumvi tangu Oktoba, na zikaletwa sita, zote zina mwandiko wa mjomba wangu na hakuna hata moja iliyojibiwa. Wakasimamisha kikao mpaka mchana. Waliporudi hawakuandika kosa kwa jina lake.

Nimekuandikia ili ujue nilikuwa wapi. Kama kanuni ina nafasi, naiomba.

Mwanafunzi wako wa marudio

*

Jumatatu, 23 Aprili 1984
Ofisi ya idara

Binti,

Barua yako niliisoma mbele ya kikao cha chuo. Nilikutetea kwa dakika ishirini na nikashindwa kwa kura nne dhidi ya mbili. Kanuni inasema ugonjwa au msiba wa mzazi. Mjomba aliye hai hayumo. Umeondolewa chuoni kuanzia tarehe 5.

Ukurasa wako wa pili nimeukagua kila mstari. Hauna kosa. Nimefundisha somo hili miaka kumi na moja, na sina la kukuandikia zaidi ya hilo, jambo ambalo linanisikitisha.

Mwalimu wako

*

Jumanne, 18 Septemba 1984
Kiwanda cha sabuni

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama ameniandikia kwamba sasa unashika kijiko kwa mkono wa kushoto na unamwaga mchuzi kwa makusudi ili akulishe. Anasema pia jicho halitarudi. Nilisoma sentensi hiyo nikaiweka barua chini, na sikuweza kuiokota mpaka asubuhi ya pili yake. Bado ziko siku za namna hiyo. Naamka na kitu cha kwanza kichwani ni kilo mia na arobaini.

Nakuandikia juu ya ndoo niliyoigeuza kiti. Tangu mkaguzi anipe kazi ya kumwandikia vipimo, nimekwenda naye viwanda tisa. Hiki cha kumi ameniacha peke yangu, yeye ana homa. Nimefika saa mbili. Nikapima maji, nikapima mafuta, nikapima moshi. Nimeandika saa ya kuanza na saa ya kumaliza kila kipimo, kisha nikarudi nikapima vyote tena.

Asilimia sitini na moja. Ukoko, Mjomba.

Nimemwambia meneja azime. Akacheka kwanza. Halafu akaniuliza shahada yangu ni ya chuo gani. Nikamwambia sina, nimefukuzwa. Akasema basi nimwondokee, ana sabuni ya kupeleka kesho. Nikamwambia sawa, ila siondoki, na wafanyakazi wa chumba kinachofuata watoke kwanza. Amepiga kelele ambazo hata wewe ungezisikia. Ameita mlinzi. Mlinzi amekuja akanitazama, akatazama boila, akaenda kuwatoa wale wa chumba kinachofuata, akasimama nao nje.

Nilisikia sakafu ikitetemeka chini ya miguu yangu. Sikuwa na hoja nyingine. Nimegeuza ndoo, nimekaa mbele ya mlango wa moto, nikamwambia akitaka kuendelea kuwasha atawasha mimi nikiwa hapa.

Ilikuwa saa saba. Saa nane na nusu mwendesha boila, mama mmoja mtu mzima asiyesema sana, alikuja akafunga mafuta bila kumuuliza mtu. Akaniletea chai, akavuta kasha akakaa kando yangu. Tumekaa hivyo tunatazama geji ikishuka. Sita. Tano. Meneja amesimama mlangoni, hapigi kelele tena. Nne. Naandika sentensi, natazama, naandika nyingine.

Mama huyu ameniuliza naandika kwa nani. Nimemwambia, kwa fundi aliyenifundisha.

Mbili sasa. Chuma kinapoa, kinatoa milio midogo midogo.

Moja.

Saa kumi na dakika ishirini. Sifuri. Watu wanarudi ndani kuchukua mifuko yao waende nyumbani.

Mpwa wako,
Chiriku